Pete ya vipande 12 isiyofunga: jibu kwa fundi wa Mafinga

Fundi mmoja wa Mafinga, anayekereza mabakuli na vyombo vya maua vya mapambo kwa kuunganisha vipande vya mninga na msonobari, ameniandikia akianza na shikamoo kisha akaeleza shida yake. Anakata vipande 12 kwa pembe ya digrii 15, anavipaka gundi nyeupe ya mbao na kuvibana viwe pete moja ya chombo, lakini viungo 11 vikikaa vizuri, kile cha mwisho hubaki wazi, naye huziba pengo hilo kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Baadhi ya vyombo alivyouza vimerudishwa na wateja vikiwa na nyufa, vingine kwenye viungo na vingine kwenye kitako. Anauliza kama kosa ni la gundi au la mbao, na kama vyombo vilivyopasuka bado vinaweza kuokolewa.

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako limebeba matatizo matatu, na kila moja lina chanzo chake, kwa hiyo ukibadilisha gundi peke yake utaondoa sehemu ndogo tu ya hasara. Pengo la kiungo cha mwisho linatokana na pembe. Nyufa za kitako zinatokana na unyevu wa mbao na mwelekeo wa nyuzi zake. Nyufa za viungo zinaweza kutokana na gundi, hasa kwa baridi ya huko kwenu, lakini mara nyingi ni matokeo ya kulazimisha nyuso ambazo hazikukutana tangu mwanzo. Yote matatu huamuliwa mezani kabla chombo hakijafungwa kwenye mashine ya kukereza, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya jibu hili itahusu msumeno, kukausha mbao na kugundisha, kisha patasi itapata nafasi ndogo mwishoni.

Tuanze na pembe. Pete ya vipande 12 ina nyuso 24 zilizokatwa, mbili kwa kila kipande. Msumeno wako ukikosea kwa moja ya kumi ya digrii, kosa ambalo hakuna jicho litakaloliona kwenye kipande kimoja, makosa hayo 24 hujumlishana na kufika digrii 2.4 kwenye kiungo cha mwisho. Kwa ufito, yaani ubao mwembamba unaokatwa vipande hivyo, wenye upana wa sentimita 2.5, hilo ni pengo la milimita 1 upande mmoja wa kiungo wakati upande wa pili umekwisha kugusana. Kosa likifika nusu digrii, pengo linazidi milimita 5. Sasa angalia kipimo cha pembe kilichochorwa kwenye msumeno wa meza: mistari yake imepishana digrii moja moja, na hakuna mtu awezaye kusoma moja ya kumi katikati ya mistari hiyo. Usikiamini kwa kazi hii, hata mashine ikiwa mpya. Ili ujue umekosea upande gani, panga vipande vyote bila gundi na uvizungushie mpira. Viungo vikigusana kwa ndani na kuachana kwa nje, pembe yako ni pungufu. Vikigusana kwa nje na kuachana kwa ndani, pembe imezidi.

Njia ninayoipendekeza haikutaki usome kipimo chochote cha pembe. Tengeneza kibao cha kuteleza juu ya meza ya msumeno, chenye mguu unaoingia kwenye mfereji wa meza bila kucheza, kisha juu yake funga miti miwili iliyonyooka ya kuegemezea ufito, iwe imetazamana kwa umbo la V upande mmoja wa msumeno. Ufito unakatwa mara ya kwanza ukiwa umeegemea mti mmoja, mara ya pili ukiwa umeegemea mti wa pili, na hivyo unaendelea kupokezana, kila mkato mpya ukikupa kipande kimoja. Kwa mpangilio huu, kinachohesabika ni pembe iliyopo kati ya miti hiyo miwili, ambayo kwa pete ya vipande 12 ni digrii 30, yaani 360 kugawanywa kwa 12. Mti mmoja ukiwa na digrii 14.7 na wa pili 15.3, kipande bado kitakuwa na digrii 30 kamili na pete itafunga. Vituta vidogo vitakavyojitokeza kwa nje vitaondolewa na patasi. Na hiyo digrii 30 unayo karibu: imo kwenye mkebe wa hesabu wa mwanafunzi yeyote, katika ile pembetatu ya plastiki yenye ncha nyembamba. Iweke ncha hiyo katikati ya V, sogeza miti hadi iguse kingo zake zote mbili bila mwanga kupita, kisha kaza skrubu. Kwa kuwa ufito huegemea kwa ukingo mmoja na baadaye kwa ukingo wa pili, kingo hizo lazima ziwe sambamba. Ufito uliopishana upana kutoka ncha moja hadi nyingine utaharibu kazi nzuri ya kibao chako.

Kabla ya kugusa mninga, kata vipande 12 vya mabaki ya msonobari, vibane kwa mpira, kisha inua pete mbele ya dirisha. Ukiona mwanga kwenye kiungo chochote, rekebisha mti mmoja kwa kuingiza kipande cha karatasi nyuma yake na ukate upya. Ninasisitiza jaribio hili kwa sababu mninga hauna bei ya kuchezea.

Urefu wa vipande nao una hesabu yake, na ninahisi hapa pia unapoteza mbao bila kujua. Mafundi wengi hugawanya mzingo wa duara kwa idadi ya vipande. Kwa chombo chenye kipenyo cha sentimita 20, hesabu hiyo inatoa sentimita 5.24, na pete itatoka ndogo kidogo kuliko ulivyokusudia. Urefu wa upande wa nje unaotakiwa ni mara mbili ya nusu kipenyo, ukizidisha kwa tanjenti ya digrii 15, ambayo ni 0.268, unapata sentimita 5.36. Ongeza milimita 1 au 2 kwa ajili ya kukereza. Kwa ndani, pembe za pete zinaingia kwenye unene wa ukuta, hivyo ufito wa sentimita 2.5 utakupa ukuta usiozidi sentimita 2.2 baada ya duara la ndani kutimia. Funga kizuizi kwenye meza ili vipande vyote 12 viwe na urefu mmoja, na hakikisha kizuizi hicho hakikibani kipande dhidi ya meno ya msumeno baada ya kukatika, kwa sababu kipande kilichobanwa hivyo hurushwa kwa nguvu.

Sasa kuhusu mbao zenyewe. Uko jirani na Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali hapa nchini, na msonobari unaoununua kando ya barabara mara nyingi bado una maji. Mbao huvuta na kutoa unyevu kufuata hewa iliyoizunguka. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 40, mbao hutulia karibu na unyevu wa asilimia 8; hewa ikifika asilimia 80, hutulia karibu na asilimia 16. Katika nyanda zetu, kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba na masika ya kuanzia Novemba hadi Aprili ni hali mbili tofauti kabisa kwa chombo kile kile kilichosimama kwenye rafu ile ile, achilia mbali mteja anayekipeleka Dar es Salaam au Dodoma. Huwezi kuzuia mabadiliko hayo. Unachoweza ni kuanza na mbao iliyotulia, na kuipanga ili mwendo wake usipambane na kitu.

Pasua mbao kuwa fito zenye upana wa kazi, zipange ndani ya banda kwa kutenganisha kila safu na vijiti, kisha pima ufito mmoja kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ufito umefikia hali ya hewa ya banda lako. Ukitaka kujua unyevu wenyewe, kata kipande kidogo katikati ya ufito, kipime, kikaushe kwenye oveni kwa joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100 hadi uzito usibadilike tena, kisha gawanya uzito uliopotea kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 250 kikiishia gramu 220, unyevu ulikuwa asilimia 13.6. Kwa vyombo vya kuuza mbali ningependa uanze na asilimia 10 hadi 12, na zaidi ya hapo ningependa mninga na msonobari wako viwe vimekaa banda moja kwa muda mmoja, maana aina mbili za mbao zenye unyevu tofauti zikigundishwa pamoja zitaanza kuvutana siku hiyo hiyo.

Mbao hurefuka kidogo mno kwa kufuata nyuzi zake, lakini hutanuka na kusinyaa sana kwa kukatiza nyuzi. Ndiyo maana nyuzi za kila kipande cha pete lazima zikimbie kwa urefu wa kipande, kuzunguka chombo. Pete iliyopangwa hivyo haibadilishi kipenyo kwa kiasi cha kutisha. Inanenepa na kupungua kidogo kwenye ukuta na kimo tu. Kitako chako, kutokana na maelezo yako, ni kibao kimoja cha duara kilichogundishwa chini ya pete. Kibao hicho kina nyuzi za upande mmoja, kwa hiyo masika yakija kinataka kutanuka kwa kukatiza nyuzi. Kwa kibao cha sentimita 15 cha msonobari, badiliko la unyevu la asilimia 4 linaweza kuleta mwendo wa karibu milimita 1 na nusu. Pete iliyo juu yake haitaki kusogea hata nusu ya hapo. Kimoja lazima kiachie, na kwako wewe kimeachia kitako au pete ya kwanza.

Zipo dawa tatu, nami nina chaguo langu. Unaweza kukifanya kitako kiwe kidogo, kisichozidi sentimita 7 hivi, ambapo mwendo wake huvumilika. Unaweza kukiacha kielee: unachonga mfereji ndani ya pete ya chini, unaingiza kibao chenye nafasi ya milimita 1 kuzunguka pande zote, bila tone la gundi, kisha unakifungia kwa pete inayofuata. Au unaweza kutengeneza kitako chenyewe kwa vipande 12 vinavyokutana katikati na kuziba tundu la kati kwa kijiti cha duara. Mimi huchagua kitako kinachoelea kwa bakuli pana, kwa sababu ndicho ambacho sijaona kikirudi na ufa, ingawa kinadai kukereza kwa uangalifu na mteja hukisikia kikicheza kidogo akikigonga kwa kidole.

Tukija kwenye gundi, chukua kimoja cha viungo vilivyoachia na ukitazame vizuri kwenye mwanga kabla hujanunua kopo jingine. Ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki upande wa pili, gundi ilifanya kazi yake na nguvu iliyokivunja ilikuwa kubwa kuliko mbao. Ukiona uso mmoja una utando wa gundi unaong'aa na mwingine ni mkavu na safi, ulichelewa kubana na gundi ikatengeneza ngozi. Ukiona gundi imekuwa nyeupe kama chokaa na inatoka kwa kucha kama unga, iligandishwa na baridi. Gundi nyeupe ina maji ndani yake, na maji hayo yanapokauka chembe zake zinatakiwa kuungana kuwa utando mmoja. Chini ya nyuzi joto 10 hivi, gundi nyingi za aina hii hushindwa kuungana. Asubuhi za Juni na Julai huko Mufindi na Njombe mara nyingi ziko chini ya kiwango hicho. Gundisha mchana, na usiku uliotangulia laza kopo na vipande ndani ya nyumba, kwa maana mbao baridi hupoza gundi hata kama hewa imekwisha kupata joto.

Viungo vya pete ni vya ncha za mbao, ambazo hufyonza gundi. Paka safu nyembamba, isubiri dakika chache izame, kisha paka ya pili na ubane mara moja. Kubana kwa pete hakuhitaji vifaa vya gharama: mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa utepe na kuzungushwa kwa kuvuta, unabana sawasawa pande zote. Usiunganishe pete nzima kwa mara moja. Gundisha nusu mbili za vipande sita sita, ukiweka njiti ya meno kwenye viungo viwili vinavyotazamana, bila gundi hapo, ili nusu zote zibanwe pamoja huku vile viungo viwili vikibaki huru. Gundi ikikauka, laza kila nusu juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo au ubao ulionyooka, sugua ncha zake mbili kwa wakati mmoja hadi zikae bapa, kisha ziunganishe. Njia hii inafuta kosa dogo lililobaki la pembe. Haiwezi kufuta kosa kubwa: ukisugua zaidi ya milimita 1 au 2, pete inaacha kuwa duara na utaona ukuta ukiwa mwembamba upande mmoja.

Ule mchanganyiko wa gundi na vumbi uache kabisa. Haushiki kitu chochote, na vanishi ikipita juu yake unageuka mstari mweusi ambao mteja atauona kabla ya uzuri wa kazi yako.

Mninga niliouona kwenye maelezo yako ni chaguo zuri, kwa sababu ni kati ya mbao zinazosogea kidogo sana unyevu unapobadilika. Huhitaji kununua ubao mzima. Mafundi wa milango na vitanda hutupa au kuchoma mabaki ambayo kwa kazi ya vipande ni hazina, na ukinunua ubao unaotoka kwenye miombo ya upande wa Chunya au kwingineko, hakikisha umekuja na hati halali ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Msonobari ni mgumu kuoanisha nao, kwa kuwa pete zake za ukuaji zina sehemu laini na sehemu ngumu, na msasa hula sehemu laini haraka ukaacha mawimbi; tafuta ubao wa mti uliokomaa, wenye pete zilizobanana. Ukitaka mstari mwembamba wa mpingo kati ya vipande, futa uso wake kwa spiriti muda mfupi kabla ya kugundisha, kwani mafuta yake huzuia gundi kushika.

Pete zikiwa tayari, nyoosha uso wa kila moja kwa ubao wenye msasa, kisha zipange kama matofali, kiungo cha pete ya juu kikiangukia katikati ya kipande cha chini. Hapa ndipo nakshi inapozaliwa. Mwanamke wa Iringa anayesuka kikapu cha milulu hupata michoro ya meno ya msumeno na mistari ya mshazari kwa kuhesabu nyuzi za rangi, nawe unaweza kupata mistari hiyo hiyo kwa kusogeza mninga nusu kipande kila pete. Ningependa kuona vyombo vyenu vikichukua michoro hiyo ya nyumbani, badala ya kurudia michoro ya picha za nje.

Baada ya kugundisha subiri saa 24. Maji ya gundi hutunisha mbao karibu na kiungo, na ukikereza mapema, kiungo kitazama baadaye na kuacha mfereji unaosikika kwa kidole. Kwa kipenyo cha sentimita 20 anza na mizunguko 500 hivi kwa dakika, simama pembeni ya njia ambayo chombo kingerukia, na ongeza mwendo kikishakuwa duara. Patasi iwe kali na mkato uwe mwepesi. Vumbi jekundu la mninga litaingia kwenye vinyweleo vya msonobari ukilipangusa kwa kitambaa. Lipulize kwa upepo, kisha paka sila nyembamba ya kuziba vinyweleo kabla ya msasa laini. Vaa barakoa na miwani, kwa sababu vumbi la mninga huwasha njia ya hewa na linaweza kuleta pumu kwa anayelivuta kila siku.

Kuhusu vilivyorudi: chenye ufa wa kitako kinaokolewa. Kifunge tena kwenye mashine, kata kitako chote kutoka ndani, chonga mfereji, ingiza kibao kinachoelea, kisha gundisha pete nyembamba chini yake ili kukishikilia. Chenye ufa kwenye kiungo kimoja au viwili, pitisha msumeno mwembamba kwenye kiungo chote ili nyuso mbili zilingane, kisha ingiza utepe wa mpingo wenye unene wa mkato huo. Ukirudia hivyo kwenye viungo vinavyotazamana, utaonekana kama nakshi uliyoikusudia. Chenye nyufa kwenye zaidi ya viungo vitatu au vinne kimejengwa kwa pembe mbaya na kitaendelea kuachia, kwa hiyo mrudishie mteja fedha yake au mtengenezee kingine. Na kila chombo cha maua kinachotoka kwako kiwe na bomba la kioo au la plastiki ndani yake, kwa sababu gundi hii haistahimili maji yaliyotuama, na mteja atatia maji hata kama umemwambia kwamba ni cha maua makavu.